Uzi wa Maji kwa Mama Paulo

Mbulu, Jumatano

Shikamoo Mama,

Baridi ya huku inauma hata mchana. Ile sweta uliyonilazimisha niibebe, sijaivua.

Kamati yetu inaandaa lebo ya kubandikwa kwenye mabomba ya kunawia, ili mnunuzi ajue lipi linabana matumizi ya maji. Asubuhi nzima tulibishania kipimo: bomba litoe maji kidogo kiasi gani ndipo listahili lebo? Mhandisi wetu, Mzee Komba, alikigomea kabisa kipimo kidogo tulichopendekeza. "Kwa maji hayo mtu hanawi, analowanisha vidole tu!"

Mchana tukaalikwa chakula kwa Mama Paulo, jirani wa ukumbi tunamokutania. Akatunawisha mwenyewe kwa jagi la maji ya uvuguvugu, akimimina kauzi kembamba kama kamba ya kiatu. Mzee Komba akasugua, akageuza viganja, akasuuza. Jagi halijapungua hata nusu, akasema, "Asante mama, yanatosha."

Meza nzima tukamgeukia. Akaitazama mikono yake, akacheka, akamega ugali.

Jioni kipimo kilipita bila kelele. Sasa rasimu ya lebo inakwenda kwa wananchi waitolee maoni.

Nikirudi utaninawisha wewe, nami nitashika saa, nione kama uzi wako wa maji unafikia kipimo chetu.

Mwanao akupendaye,
Neema