Neno Lililoificha Tasnifu Yako

Chumba cha Tovuti,
Maktaba ya Chuo Kikuu,
Alhamisi, 14 Machi.

Mpendwa Chiriku wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichojaribu kunificha kwenye simu kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama anatembea vizuri, ila bado anabishana na daktari kuhusu chumvi.

Sasa nije kwenye lililokunyima usingizi. Uliniandikia kwamba wanaotaka kukuajiri wamepekua tovuti yetu wasiione tasnifu yako, na wameanza kuhoji kama shahada yako ni ya kweli. Tena hawapokei kiungo kutoka kwako, wanataka kuifikia wenyewe. Tasnifu ipo, mdogo wangu. Nimeihakiki, haikupungua hata ukurasa. Imo chini ya kitufe kilichoandikwa "Hazina".

Neno hilo alilichagua mkutubi mkuu, akimaanisha akiba ya maarifa. Wasomaji hulielewa kuwa ni ofisi ya fedha, wakalipita. Wengine hulibonyeza wakitafuta pa kulipia karo, kisha humwendea mhasibu, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye hanipi nafasi ya kupumua: "Mzee wa tovuti, wateja wako wamefika. Niwauzie kitabu?"

Nimeomba libadilishwe tangu tovuti ilipohuishwa, bila mafanikio. Juzi nilimpelekea mkutubi mkuu barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani.

"Lakini ni neno zuri," akasema.

"Ni zuri mno, mheshimiwa. Tatizo ni kwamba lina kazi nyingine mjini."

Alicheka kidogo, akaniruhusu.

Tangu leo asubuhi kitufe kinasomeka "Tasnifu za Wanafunzi", bila madoido. Waombe watazame tena. Nimejaribu kwa kompyuta za maktaba na kwa simu ya mhasibu, inafunguka kote.

Nikiwa katika uhakiki huo nilisoma ukurasa wako wa shukrani. Ulikusudia kumshukuru kaka "asiyechoka kunionya". Umechapa "asiyechoka kuniosha". Kanuni haziruhusu kugusa tasnifu iliyokwisha kupitishwa, na safari hii nazishukuru. Wakikuuliza kwenye usaili, jibu kwamba yote mawili ni kweli: lile beseni la bluu sijalisahau, wala kelele zako ndani yake.

Nisalimie shemeji na mapacha wako. Mama anakuombea, nami naitikia amina: Mungu akupe kazi hiyo, na akupe wakubwa wenye subira.

Wako akupendaye bila masahihisho,
Kaka.