Kengele Mkono wa Kushoto

Alhamisi, 3 Septemba 1936

Upepo kutwa. Mchanga ndani ya kamera, mchanga ndani ya chai. Saveliev, mwongozaji wetu wa filamu kutoka Leningrad, anafoka kwa Kirusi. Mimi natafsiri kwa Kimongolia, tena kwa upole. Nikitafsiri kila tusi lake hatabaki mtu hapa, wala ngamia.

Ngamia wa mizigo wanaswagwa na mjomba Gombojav. Kazi nilimtafutia mimi. Karatasi zake zinasema mfugaji tangu kuzaliwa. Ile miaka ishirini aliyokuwa lama, mtawa wa Kibudha, haimo — na isijulikane! Mwezi uliopita watu wa usalama waliwachukua malama watatu wa bonde letu. Hawajarudi.

Ijumaa, 4 Septemba

Leo picha ya lama mlafi anayewalaghai wachungaji. Sodnom, dereva wa lori, kavishwa joho jekundu. Akatikisa kengele ya sala — kwa mkono wa kulia! Nyuma yangu nikasikia: "Kushoto, we bwege! Kengele kushoto!"

Mjomba. Ulimi umemteleza.

Watu wakacheka. Saveliev akauliza mzee kasemaje, nami nikatafsiri. Mazoea tu! Mjinga mimi! Sasa anataka mjomba ndiye acheze. Nimemsihi akatae. Anasema akikataa wataulizana kwa nini.

Jumamosi, 5 Septemba

Sijala. 

Asubuhi kaja Choijil, mtu wa usalama kutoka mjini. Kaketi kando ya kamera, anavuta sigara. Nikamnong'oneza mjomba: boronga, shika kengele ovyo. Akaitikia.

Kamera ikaanza kunguruma — mikono ikamsaliti! Kengele kushoto, vidole vikajikunja vyenyewe, sala ikamtoka bila kukwama. Wachungaji walioambiwa wamzomee wakavua kofia. Bibi mmoja akapiga magoti, na hakuna aliyemwambia. Mjomba alikuwa analia. Nilimpenda, na nilitaka kumpiga.

Saveliev akaruka kwa furaha. "Huyu si mwigizaji, huyu lama halisi! Mwambie!"

Nikamgeukia mjomba. "Anasema umejitahidi, mzee. Kanyweshe ngamia."

Choijil akazima sigara. Akaniambia kwa Kirusi, safi kuliko changu: "Dada, umeruka maneno. Tafsiri upya. Neno kwa neno."

Nikasema koo limekauka, nipate maji kwanza. Akasema atangoja. Naandika haya nyuma ya lori. Mjomba kanifuata.

Choijil huyoo, anakuja. Namwambia mjomba avue joho, haraka!

"Ngoja kidogo, mwanangu," anasema. "Mwaka wa nane huu sijalivaa."