Mwanangu Bi Sitaki

Tarehe 4 Februari

Kwako binti yangu,

Hujambo, mama? Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba hii ni miaka thelathini na moja nainamia watoto wa kliniki. Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu huwa inakatika kabla sijamaliza kukusifu, achilia mbali kukugombeza.

Leo ni sifa tupu. Jumatano saa nne, mchezo wenu ukianza redioni, kliniki nzima inanyamaza, na hata wale watoto wa kulia bila sababu wanajifikiria. Juzi uvumilivu ulinishinda. Nilisimama mbele ya mabenchi nikawaambia kina mama, "Huyo mwenye ulimi mkali mnayemsikia nimemzaa mimi." Wengine wakadhani natania. Nikawaeleza ulivyokuwa ukigombana na kuku ukiwa na miaka sita, na kuku wakakukimbia, ndipo wakaamini.

Mkuu wa kliniki hatakiwi kujivuna mbele ya wagonjwa, najua. Nitajirekebisha nikistaafu.

Ni mimi mama yako, niliyevimba kichwa.


Tarehe 14 Machi

Binti yangu,

Mimi mzima, natumaini nawe mzima. Salamu zinatosha.

Ni nini kile ulichosema redioni jana? Nilijua yule mwanamke unayemwigiza ana mtoto mchanga. Sikujua kwamba angekataa kumchanja. "Sitaki! Mtoto ni wangu, sindano ni zenu!" Umesema kwa sauti ile ile unayoniambia mimi kwamba umeshiba. Mabenchi yote yakanigeukia. Kulikuwa na mama aliyemleta mwanawe wa miezi tisa kwa chanjo ya surua. Akachukua kadi ya mtoto, akaitia kwenye mkoba. "Nesi," akasema, "ikiwa mwanao mwenyewe hataki, mimi ni nani?"

Nikamwambia ule ni mchezo tu, na kwamba wewe nilikuchanja chanjo zote kwa mkono wangu mpaka ukawa ukiniona na koti jeupe unajificha uvunguni. Akaniuliza, "Mtu anawezaje kusema vile kama haamini?" Akaondoka na mtoto wake. Sasa mtaani wanakuita Bi Sitaki, na mimi ni Mama Sitaki.

Swali lake nakuletea wewe. Unawezaje kutia moyo wote katika kitu usichokiamini? Sikukulea uwe mwongo. Iache hiyo nafasi, apewe mwingine. Kama huwezi kuiacha, basi mfanye huyo mwanamke mpumbavu wa kuchekwa, ili asipatikane wa kumfuata.

Mama yako.


Tarehe 20 Machi

Mama, shikamoo.

Huku tunaendelea vizuri. Chumba cha kurekodia hakina dirisha, na yale mablanketi tuliyotundika ukutani kuzuia mwangwi yameanza kunuka kama sisi.

Barua yako imenichoma. Ngoja nikujibu. Yule mwenzetu anayeigiza mlevi, anayewavunja mbavu kina mama wa kliniki yako, hajawahi kuonja pombe maishani. Ana vidonda vya tumbo. Anaigiza huku ameshika glasi ya maziwa, na akitoka kazini anakwenda mazoezi ya kwaya. Mimi nikikaa mbele ya maikrofoni siulizwi naamini nini. Naulizwa yule mwanamke anaamini nini. Tukimaliza namvua kama ninavyovua viatu, narudi nyumbani kupika. Ni kazi, mama, na naiweza. Sikuipata kwa kubahatisha.

Kwa hiyo nafasi siiachi. Lakini wewe ni mama yangu, hilo la pili nimekutii. Jana nimemfanya mpumbavu kama ulivyotaka, nimempa na kicheko cha mbuzi. Mwongozaji wetu alicheka mpaka akashika meza. Wote walicheka. Mimi nilirudi nyumbani najisikia kama mtu aliyemsengenya jirani yake. Sitarudia, hata ukininunia.

Mwanao.


Tarehe 2 Mei

Mama, shikamoo tena.

Wiki sita sasa bila hata mstari mmoja. Nilipiga simu kliniki, nikaambiwa uko mzima na una shughuli nyingi. Haya. Mkuu wa kliniki hana dakika ya kumsalimia mwanawe.

Nina shida, na wewe ndiye mwenye dawa. Tarehe 14 tunarekodi sehemu kubwa kuliko zote: Bi Sitaki na muuguzi, uso kwa uso, dakika kumi na moja, hakuna mwingine. Mwandishi wetu amempa muuguzi maneno yote mazuri, mimi nimepewa kelele. Nikamwomba aniachie nitafute maneno yangu. Amekubali, na mpaka leo sijapata hata moja. Nikimfikiria yule mwanamke namwona amesimama mlangoni na mtoto wake, mdomo umefumba.

Wewe umewasikia wanaokataa kwa miaka thelathini na moja. Huwa wanasema nini hasa? Ninunie upendavyo kama mama, ila hili nijibu, fundi kwa fundi.

Mwanao anayekungoja.


Tarehe 9 Mei

Binti yangu,

Marahaba, na marahaba nyingine juu yake kwa ile niliyokunyima. Mimi mzima wa mwili. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na aibu, nami aibu sijaizoea.

Ile Jumatano ya kicheko cha mbuzi kliniki nzima ilicheka, na mimi ndiye niliyeongoza. Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na mama mmoja ambaye hakucheka. Alituangalia mmoja mmoja, akakaza mbeleko yake, akatoka taratibu na mtoto ambaye hajachanjwa. Yule wa kwanza angalau aliniachia swali. Huyu hakuona hata kama nastahili kuulizwa.

Nilipomwona mgongo nikamkumbuka mwingine, ambaye sijawahi kumtaja kwa mtu. Wewe ulikuwa darasa la pili. Alinijia na mtoto wake wa pili, akasema hamchanji. Nikamuuliza sababu, nikiwa nimeshakasirika. Akasema mtoto wake wa kwanza alichomwa pale pale, na muuguzi akamwambia, "Homa ni kawaida," akaita anayefuata. Homa ikaja. Akangoja, kwa kuwa ameambiwa ni kawaida. Siku ya tatu akaona bora amkimbize hospitali, akafika amechelewa. Ilikuwa malaria. Sindano haikuhusika kabisa, na kwenye faili imeandikwa hivyo.

Muuguzi mwenye haraka nilikuwa mimi.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwita mjinga, mbele ya foleni nzima, na foleni ikacheka. Hakurudi tena. Sijui yule mtoto wa pili aliishia wapi.

Maneno yake haya hapa, sijaongeza hata moja: "Sindano siiogopi, nesi. Nakuogopa wewe. Uliniambia ni kawaida, nikakuamini kuliko macho yangu."

Mwigize huyo. Kuhusu chanjo alikosea, na nitasema hivyo mpaka kaburini, kwa sababu surua nimeiona ikifanya kazi yake na haibembelezeki. Kuhusu mimi hakukosea. Ukiketi mbele ya hiyo maikrofoni usinionee huruma kwa kuwa nilikunyonyesha. Na nisamehe kwa kukuita mwongo. Miaka yote nawaambia wanawake walio na uchungu kwamba kila kitu kiko sawa, huku moyo wangu unapiga ngoma. Kumbe na mimi naigiza.

Mama yako.


Tarehe 15 Mei

Mama yangu, shikamoo,

Mgongo unaendeleaje? Mimi nimechoka tu, uchovu mzuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisoma kwa sauti, kwa sauti ya yule mama. Jana tumerekodi. Mara moja tu, bila kurudia. Nilikuambia huwa namvua kama viatu. Jana alikataa kuvuliwa. Kwa dakika kumi na moja nilikuchukia, mama. Nilikuwa na mtoto wangu mmoja kaburini na mwingine mikononi, na wewe ulikuwa unaniharakisha. Kisha mwongozaji akasema, "Basi," nikatoka nje kwenye korido nikatamani uwepo nikukumbatie. Sasa sijui niseme nilimwamini au sikumwamini. Ninachojua ni kwamba chanjo za watoto nitakaowazaa utazichoma wewe.

Anayeigiza muuguzi alisahau maneno yake, akabaki ananitazama. Mwongozaji hakusimamisha mashine, ameuacha ule ukimya kama ulivyo.

Itasikika Jumatano ijayo. Ukitaka kusikiliza nyumbani peke yako, nitaelewa. Ila jua kwamba sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama nilivyojivunia jana.

Mwanao.


Tarehe 22 Mei

Kwako binti yangu, fundi mwenzangu,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, sauti tu ndiyo imenikauka, na sasa hivi utajua kwa nini.

Nilisikiliza pale pale mbele ya mabenchi. Nilipandisha sauti ya redio kwa mkono wangu. Ulipoanza kusema, tena taratibu, bila makelele, watu walisahau kwamba nipo. Mimi pia nilisahau. Sikusikia mwanangu, nilimsikia yeye. Ukafika pale pa "nikakuamini kuliko macho yangu", na yule muuguzi wenu akanyamaza. Nikangoja. Hasira zikanipanda, nikasikia mtu anaifokea redio, "Mjibu mwenzako! Amekuuliza, mjibu!" Kumbe ni mimi.

Mama mmoja wa benchi la mbele akasema kwa upole, "Nesi, wewe ungemjibu nini?"

Foleni ilikuwa ya watu arobaini. Nikazima redio. Nikawaambia kwamba muuguzi aliyekosa jibu yuko mbele yao, na mama mwenyewe aliyeyasema maneno yale nilimwita mjinga mahali walipokaa wao. Nikasimulia yote. Halafu nikaeleza kile ambacho yule mama hakuelezwa: homa ya chanjo huja lini na huisha lini, na ipi ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo bila kumsikiliza mtu yeyote, hata mimi. Wakauliza maswali. Nikajibu moja moja, na nisilolijua nikasema silijui. Wawili walibeba watoto wao wakaondoka bila kuchanja. Sikumwita mtu jina lolote. Niliwasindikiza mpaka mlangoni, nikawaomba warudi na maswali yao.

Waliobaki walikuwa thelathini na wanane. Nimewachanja wote leo, na kila mama nilimwangalia usoni kabla ya kumshika mtoto.

Mama yako.