Baba, Tumbo Lako Liko Makumbusho

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulale usiamke, ukatuachia nyumba yenye kimya na sare ya zimamoto isiyomtosha mtu mwingine yeyote.

Ukirudi kutoka kituoni ulinusa jikoni kabla hujasalimia. Mama akikuuliza unatafuta nini, ulisema unatafuta moto. Ulichokipata kila mara ni chakula. Mtoto wa jirani akikuamkia, ulimwitikia kwa heshima zote, kisha ukamuuliza mkewe hajambo. Wenzako wa kikosi walisema gari lenu lina matangi mawili: moja la maji, jingine limeshika usukani. Ulicheka kuliko wao.

Lile jengo la soko lilipoporomoka na nchi nzima ikalia, wenzako wembamba waliingia kwenye tundu la kifusi kuwatoa watu. Wewe hukuenea. Pale mdomoni mwa tundu palikuwa na vioo na vyuma vilivyochongoka. Ukavilalia chali na koti lako nene, ukasema, "Wapitisheni juu yangu. Na atakayenicheka leo nitamng'ata." Watu wakateleza juu ya tumbo lako, mmoja baada ya mwingine. Haya tuliyasikia kwa wenzako, msibani kwako. Nyumbani ulisema tu mgongo unauma, Mama akakukanda.

Juzijuzi jumba la makumbusho liliomba sare yako, kwa maonyesho ya msiba ule wa soko na waokoaji wake. Tulipokwenda kuiona, tuliikuta imevishwa sanamu ndefu yenye kiuno cha nyigu, nguo zimebanwa pini kwa nyuma. Mama akaizunguka.

"Huyu nani?"

"Ndiye mzee, Mama," akasema bwana wa maonyesho. "Wageni wanapenda kuona shujaa."

"Shujaa nimelala naye mimi. Alikuwa na tumbo."

"Lakini Mama, sanamu tuliyonayo ndiyo hiyo."

"Basi nipe nguo za mume wangu, nayo uivishe za kwako."

Yule bwana akaitazama suruali yake, akanyoosha mikono. Mama akaenda nyumbani, akarudi na mto wako. Baba, ule mto mwaka mzima hakuna aliyethubutu kuulalia, wala foronya yake haikufuliwa. Akaushindilia ndani ya shati, akafunga mkanda chini ya tumbo, pale pale ulipokuwa ukiufunga wewe. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akasema, "Haya. Sasa ni yeye."

Siku ya ufunguzi, mama mmoja muuza vitambaa alisimama mbele yako kwa muda mrefu, halafu akakuwekea mkono tumboni. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, hairuhusiwi kugusa!"

"Mwanangu, mimi huyu nilimpitia juu mwili mzima, leo unaninyima mkono?"

Mlinzi akarudi kwenye kiti chake. Yule mama na Mama yetu wakakumbatiana, wakacheka mpaka kicheko kikageuka machozi.

Tulipokuwa tunatoka, tulimuuliza Mama kama tuuombe ule mto maonyesho yakiisha.

"Mwacheni," alisema. "Yuko kazini."

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, watoto wako, wakwe zako, dada yako anayesema tumbo lile ni la ukoo, wajukuu walioanza kulirithi, na wenzako wote wa kikosi.

Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau kamwe.