Nani Aliipokea Simu ya Mutsamudu

Alhamisi, alasiri. Moroni kuna joto lisilo na upepo. Mawingu yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Naandika nikiwa kitandani, mgonjwa.

Juzi mjukuu wangu Nadjma, anayeniita Bakoko, yaani babu, alifunga ruta ukutani, mkabala na kitanda changu. Kisanduku cheupe chenye antena mbili na taa za kijani. Nikamuuliza kazi yake.

"Inapokea maneno, Bakoko, kisha inayaonyesha njia. Yako yanakuja kwako, ya jirani yanakwenda kwa jirani."

"Basi ndiye mimi huyo," nikamwambia. "Ila yeye hali wali."

Alicheka sana. Sikuwa natania. Nilikuwa opereta wa simu hapa Moroni. Mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, akitaka kuzungumza na mtu wa Itsandra, huku kwetu, sauti yake ilipita vidoleni mwangu: nachomoa waya huku, nachomeka kule. Upande wa pili, Mutsamudu, alikaa msichana aitwaye Echati. Hatukuwahi kuonana. Mimi nilimwita Mutsamudu, naye aliniita Moroni.

Mamluki wa kizungu walipoipindua serikali, mwaka 1978, simu za raia zikawa zinafungwa kila walipopenda. Sisi maopereta tuliachiwa kupima laini tu, kila asubuhi. Echati alikuwa akiuliza, "Moroni, unanipata?" Nikijibu "Nakupata" na kunyamaza, alijua kuna mzungu mwenye bunduki mgongoni kwangu. Nikijibu "Nakupata, hata ukinong'ona," alijua niko peke yangu, na hapo tulipitisha habari za watu: nani amekamatwa, nani amejifungua, nani yu hai.

Maneno hayo nilimfundisha mtu mmoja tu, Abdou, aliyekaa kiti cha pili, ili anishikie nafasi nikishikwa na homa.

Kisha nikahamishiwa idara ya vifurushi vya posta. Sikuambiwa sababu. Abdou akakalia kiti changu, nami nikamshukuru Mungu kwamba njia yetu imebaki katika mikono salama.

Abdou alikuwa zaidi ya rafiki. Mwanangu alimwoa binti yake. Nyumba hii ninamouguzwa, Abdou ndiye aliyemjengea binti yake, kama ilivyo desturi yetu Ngazidja kwamba nyumba ni ya mwanamke. Siku moja itakuwa ya Nadjma.

Leo adhuhuri Nadjma alikuja na simu mkononi, macho yanang'aa. Rafiki yake wa chuo ni wa Mutsamudu, na bibi yake aliwahi kufanya kazi ya simu. Akaniwekea skrini mbele ya uso. Nikamwona mwanamke mzee, amejitanda nguo ya shiromani, nyekundu, ameegemea mito katika nyumba ya mtaa wa Hombo, wanawe na wajukuu wamesimama nyuma yake.

"Moroni, unanipata?"

Machozi yalinitoka kabla ya sauti. "Nakupata, hata ukinong'ona."

Hakutabasamu.

"Hayo maneno usinirudishie tena. Niambie kwa nini ulimtoa Mwalimu."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayesoma kitu alichokihifadhi moyoni. Mwalimu mmoja kijana alikuwa ametoroka Mutsamudu akiwakimbia askari, akajificha Ntsoudjini, huku Ngazidja. Mama yake alimwomba Echati aulize kama amefika salama. Echati akapima laini, akajibiwa "Nakupata, hata ukinong'ona," akataja nyumba. Kesho yake askari walikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ile. Mwalimu hakuonekana tena.

Mutsamudu nzima, aliyeijua nyumba ile ni mama mtu na Echati. Basi watu wakamhukumu Echati. Siku ya harusi yake wanawake wa mtaa hawakuja. Pilau lilipoa kwenye masufuria.

"Laini ilikuwa inakoroma," alisema. "Sauti zote zilikuwa moja. Nikajua ni wewe. Miaka yote nimejua ni wewe."

"Mutsamudu, wallahi sikuwepo pale. Walishanihamisha."

Nafikiri aliniamini, na hilo liliniumiza zaidi.

"Basi aliyekalia kiti chako alikuwa nani?"

Simu ilikuwa imeshikwa na Nadjma. Mjukuu wa Abdou.

"Sijui," nikasema.

Nilijua.

"Nyinyi Wangazidja," Echati akasema, "hata uongo mnausema kwa adabu." Wajukuu zake wakacheka. Yeye hakucheka. "Moyo wangu mbovu, Moroni. Daktari ananificha, lakini najua. Niache niende na jina langu likiwa safi." Kisha akakata.

Tangu saa ile namtafutia Abdou udhuru. Huenda bunduki ilikuwa shingoni mwake. Huenda walimtaja mkewe. Huenda hawakumtisha kwa lolote. Ninachokumbuka ni siku zake za mwisho, alipoomba radhi kama tunavyoomba sote kabla ya kuondoka. Alinishika mkono, akasema, "Nisamehe nililokukosea na usilolijua." Nikamjibu haraka, kama mtu anayeitikia salamu: "Nimekusamehe yote."

Sikumuuliza ni lipi.

Na lile halikuwa langu kulisamehe. Lilikuwa la Echati, na la mama wa Mwalimu.

Kiswahili hiki nilikisomea Unguja nikiwa kijana. Humu ndani hakuna anayekisoma vizuri, ndiyo maana nimeandika shajara hii mtandaoni bila woga. Wasomaji wangu wako mbali. Leo naona nilikuwa najificha. Naweza kuungama hapa mpaka vidole viishe nguvu, na watu wa Mutsamudu wataendelea kumtazama Echati vilevile. Hili lazima litamkwe kwa Kingazidja, kwa sauti, ndani ya nyumba aliyoijenga Abdou, mbele ya damu yake.

Nadjma atanichukia? Au atamchukia marehemu babu yake, ambaye picha yake ameiweka kando ya kioo?

Yuko mlangoni sasa. Anauliza kama azime ruta nipumzike.

"Iache iwake," nimemwambia. "Nipigie tena Mutsamudu. Halafu keti hapa kitandani, mwanangu. Usiondoke."