Kioo Cheupe cha Boila

Mjukuu wangu Akinyi,

Natumai Mombasa imekupokea vizuri. Hapa Homa Bay mama yako anavuna mtama, na bado anacheka kwamba unaniita dani, yaani nyanya, kwa ajili ya ukoo tu, ilhali mimi nawe tumepishana miaka michache.

Umeniuliza kama uache kozi ya kuendesha boila, mtambo wa mvuke, kwa sababu mikono yako inatetemeka. Yangu ilitetemeka pia, nikiwa mafunzoni katika kiwanda cha sukari huko Migori. Asubuhi moja kioo cha kupimia maji kilikuwa cheupe kabisa. Kikijaa au kikiwa kitupu, kioo hicho huonekana vilevile.

"Kimejaa, Atieno! Unaogopa hadi maji?" mwenzangu Ochieng alinicheka, huku akiongeza makapi ya miwa motoni.

Sikuweza kutulia. Nilifungua koki iliyo chini ya kioo, ukatoka mvuke mtupu. Maji yalikuwa yamekwisha, na boila ikikauka motoni huweza kulipuka. Ochieng aliyatupa makapi chini. Tulizima moto, tukatoka nje.

Hofu hiyo haijaniisha, na siwezi kukuahidi kwamba yako itaisha. Mikono ikitetemeka kesho, iache itetemeke, mradi ifungue koki kwanza.

Dani yako,
Atieno