Orrin Skaar, na Bunduki Uliyoiacha Mezani

Mwaka umezunguka, kaka yetu Orrin, tangu utoke kwa mlango wa jikoni na bunduki ya marehemu baba begani. Ya kwako ilikuwa mezani, imezungushiwa utepe kama mguu uliovunjika, ikingoja gundi ikauke. Mkeo Darlene alikuambia, "Usichelewe, viazi viko motoni." Ukamjibu, "Viazi havina miguu, vitaningoja." Hukurudi kuvila.

Tunaikumbuka mikono yako. Hapa Tamarack ni wawindaji wachache ambao bunduki zao hazikupita juu ya meza ile. Watu walikuja wakilalamika kwamba risasi zinakwenda zinakotaka, leo kushoto, kesho juu. Hukulaumu mtutu wala macho ya mtu. "Mbao inalewa maji," ulikuwa ukisema. "Ikilewa inausukuma mtutu, na mtutu haulalamiki, unakosa tu." Kisha unashika patasi, unachimba kidogo ndani ya kitako pale chuma kinapokaa, unamimina ile gundi nzito ya kuchanganya, unakilaza chuma humo taratibu kama mtoto mchanga. Gundi ikikauka chuma hakichezi tena, inyeshe mvua, ianguke theluji. Na kabla ya yote unakipaka chuma dawa ya viatu, kila kona, ili gundi isije ikakishika moja kwa moja.

Siku uliyosahau dawa ya viatu tulicheka mpaka machozi. Bunduki ilikuwa ya jirani yetu Lyle Pruitt. Chuma na mbao vikawa kitu kimoja, ukaitia kwenye friza ili baridi ikikunje chuma kiachie. Darlene akapiga kelele, "Orrin! Kuna bunduki juu ya mbaazi zangu!" Lyle, ambaye ndiye mwenye hasara, akasema, "Iache ipoe, shemeji. Mwenyewe nimeshapoa." Iliachia. Lyle huisimulia hadithi hiyo hadi leo, ila siku hizi hafiki mwisho.

Ulikuwa unapiga mluzi ukiwa kazini, wimbo uleule, na hukuujua mwisho wake. Ulikunywa kahawa yenye vumbi la mbao. Kila ulipomwangusha kulungu mkubwa, paja la kwanza lilikwenda kwa jirani yetu mzee, Bibi Odegaard, kabla hujafungua friza yako mwenyewe.

Mimi dada yako Vesta ndimi niliyepewa kalamu, na wanaonijua wanajua sitaandika kwamba ulipumzika kwa amani. Uliuawa na dubu kwenye korongo la Mto Tin, chini ya shimo ambamo ranchi ya Blackstem hutupa ng'ombe wao waliokufa bila kuwafukia, na harufu yake huwaita dubu. Nimelisema shimo hilo kwenye kila kikao cha wilaya, na msimamizi wao akaniita Mama Kelele. Hao ndio waliofunga njia ya bondeni kwa lango, magari yasipite, wakasema ni kwa muda. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao. Sijasahau, na shimo bado liko wazi.

Risasi zako mbili tulizikuta kwenye shina la msonobari, zote zimempita dubu kiganja kimoja kushoto. Ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mbao ya baba ilikuwa imelewa.

Orrin, tunakuandikia tukiwa na hofu, wala hatuoni haya kuisema mbele za watu.

Kwa mwaka mzima Darlene hakuruhusu mtu aiguse bunduki yako. Aliandaa chakula akiizunguka na sahani. Hatukuthubutu kumuuliza. Siku ile ulikuwa na haraka, na hakuna aliyekuona ukipaka dawa ya viatu. Ikiwa ulisahau, basi kazi yako ya mwisho duniani ilikuwa ya kutupwa, na nani alitaka kujua hilo?

Mwezi huu binti yako Karin aliibana kwenye jiliwa, akakata utepe, akafungua skrubu. Akagonga kwa nyundo ya mpira. Chuma hakikutikisika. Akagonga tena. Darlene alikuwa amesimama kwenye sinki, ametupa mgongo.

"Imekwama, Mama."

"Basi iache."

"Baba hakuiacha ya Lyle."

Akaipeleka kwenye friza, juu ya mbaazi. Hakuna aliyecheka. Kesho yake aliitoa ikiwa nyeupe kwa barafu, akagonga mara moja, na chuma kikaruka kutoka kwenye mbao. Ndani kulikuwa kunang'aa kama kioo, na dawa ya viatu ilikuwa kila kona, Orrin. Kila kona. Gundi haikuwa imekishika chuma hata kidogo. Kumbe kilikwama kwa sababu ulikuwa umekilaza kwa kubana vizuri mno, basi.

Karin aliichonga kingo, akaiunga, akaimwagia maji ndoo nzima, akaiacha nje kwenye mvua. Kisha akapiga shabaha kule kwa Lyle. Matundu yote matatu ungeyafunika kwa kizibo kimoja cha soda. Lyle alivua kofia. Karin akaja mbio na ile karatasi ya shabaha amwoneshe mama yake. Darlene akaitazama, akakaa chini. "Mungu anisamehe," akasema. "Nilikuwa naomba iwe imegandana."

Maana sasa hatuna sababu ya kumzuia. Bunduki ikiwa mbovu, mtoto anabaki nyumbani. Bunduki ikiwa nzima, anakwenda, na anataka kwenda palepale. Wiki hii kuna nyayo mpya kwenye tope la Mto Tin, pana kuliko kofia yangu. Niliwapigia simu watu wa ofisi ya wanyamapori. Wakaniambia hawana hakika kama ni dubu yuleyule. Nikawauliza, "Mnangoja awaoneshe kitambulisho?"

Nilimsihi Karin apande mlima wa upande wa pili. Akanijibu, "Shangazi, si wewe uliyesimama kikaoni ukasema njia isiyotembewa huibwa? Mwaka huu nisipopita, mwakani nitakuta uzio." Kisha akasema polepole, "Hata mimi naogopa. Lakini mwaka jana tulikula nyama ya kupewa na majirani. Paja la Bibi Odegaard nani atampelekea?"

Ni wako kabisa huyu, Orrin. Amechukua hata ule mluzi.

Gazeti hili linatoka Jumamosi, asubuhi msimu wa kuwinda unapofunguliwa. Mtu atakapolisoma akinywa chai, Karin atakuwa langoni kwenye njia ya bondeni. Lyle atakuwa naye, na goti lake bovu. Darlene ameshasema atakwenda mpaka langoni na atakaa ndani ya gari, mkono kwenye honi, mpaka mtoto atakaporudi. Mimi nitakuwa pembeni yake. Yeyote ambaye bunduki yake ilinyooshwa kwenye meza yako, na miguu yake bado inambeba, tunamwomba aje apande nao korongoni. Dubu husogea mbali akisikia sauti nyingi. Na Blackstem pia.

Unakumbukwa na mkeo Darlene, bintiyo Karin, dada yako Vesta, jirani yako Lyle ambaye anataka ahesabiwe ndugu, Bibi Odegaard, na ukoo wote wa Skaar wa Tamarack na Mto Tin.

Tumemwambia Karin asichelewe. Akajibu kwamba viazi havina miguu, na Darlene akaziba uso wake kwa aproni.

Wewe tutakukumbuka daima, kaka. Ila wa kukumbukwa hivi na abaki wewe mmoja.